Vichwa Arobaini vya Fimbo

Singida Mjini,
14 Agosti 1996

Dada yangu mpendwa Dina,

Shikamoo. Natumaini hapo Kintinku mnaendelea vizuri, wewe, shemeji Mazengo na watoto, na kwamba mtama mmeshamaliza kuupura. Mama nilimwona Issuna Jumapili. Mguu umepata nafuu, anatembea mpaka kanisani bila kushikwa, na anawasalimu sana.

Najua shemeji amefika hapo na begi lake, na najua hajakueleza kitu, maana si mtu wa maneno mengi. Nitakueleza mimi, ila naandika nikiwa na hasira, univumilie.

Unakumbuka karakana yetu ilikuwa ya serikali, tukitengeneza plau za ng'ombe. Plau za nje zilipoingia madukani, zetu zikakosa wanunuzi, karakana ikauzwa. Aliyeinunua ni Bwana Derick wa Arusha, mtu wa kucheza gofu, ule mchezo wa kupiga mpira mdogo mgumu kwa fimbo mpaka utumbukie shimoni. Alituletea fimbo moja ya kizungu, ile ya kuusukuma mpira taratibu ukishakaribia shimo, akasema anataka vichwa vya fimbo kama hiyo visubiwe hapa, yaani shaba chakavu iyeyushwe na kumiminwa kwenye kalibu, lakini viwe bora kuliko kichwa cha ile ya kizungu.

Kazi hiyo nilipewa mimi. Niliupaka mpira chaki, nikausukuma sakafuni kwa ile fimbo yake. Chaki iliacha nukta nukta kama nyayo za kuku, ndipo ikawa mstari. Maana yake mpira ulikuwa unarukaruka kwanza kabla ya kubingirika. Nilihangaika miezi minne. Nilipunguza shaba katikati ya kichwa na kuiongeza kwenye ncha mbili, kisigeuke mkononi kikigonga mpira vibaya. Uso wa kichwa niliulaza nyuma kidogo sana, nikaenda kuujaribu kwenye majani ya misheni, nikarudi nikaupunguza tena. Kila nilichochora, shemeji alikisubu kwenye tanuru lake. Siku mpira ulipoacha mstari mmoja tangu unapoguswa, tulikaa chini sakafuni tukautazama kama watoto.

Bwana Derick alikipeleka kichwa hicho Arusha. Aliporudi alikuja na maboksi mazuri, na juu ya kila boksi pameandikwa kwamba kichwa hiki kimebuniwa naye. Nilimfuata ofisini nikamuuliza kwa adabu. Alinijibu bila hata kuinua macho kwamba yeye ananunua mikono, na kwamba mawazo yanayotoka ndani ya karakana yake ni ya kwake. Akaniuliza kama nimewahi hata kuuona uwanja wa gofu. Dada, sijauona. Lakini yeye aliyeuona miaka yote alikuwa hajawahi kuiona ile chaki.

Baada ya hapo tukatengeneza vichwa arobaini vya kwanza vya kuuza. Wiki tatu hazikupita vikarudishwa vyote. Wachezaji walilalamika kwamba mpira unakwenda kushoto hata ukiulenga vipi. Bwana Derick alitukusanya uani, akasema shaba ilipinda wakati wa kusubu, akamfukuza shemeji mbele ya watu wote. Miaka kumi na tisa mtu yuko kwenye tanuru lile, na hakupewa hata nafasi ya kukishika kichwa kimoja akitazame. Aliokota koti lake akaondoka. Nilimdharau sana Bwana Derick siku ile.

Sasa nifike pale ninapopaogopa. Shaba haikupinda, dada. Shemeji aliisubu sawasawa, vichwa vyote arobaini. Ni mimi niliyevikwangua kwa tupa upande mmoja wa uso, unene wa unywele tu, kimoja baada ya kingine, ili Bwana Derick aaibike mbele ya wenzake kwa jina lake lile kwenye maboksi. Sikufikiri lawama ingemwangukia mwingine. Na ilipomwangukia, nilikuwa nimesimama hatua mbili kutoka kwake, nikanyamaza.

Jumatatu niliingia ofisini nikasema yote. Bwana Derick alidhani namkinga shemeji yangu, mpaka nilipoweka kichwa kimoja mezani nikamwonyesha alama za tupa. Alinifukuza palepale. Nilimwambia sitoki mpaka aandike kwamba Mazengo hana kosa. Tulibishana karibu saa nzima. Mwishowe Jenipher, karani wake, aliingiza karatasi kwenye mashine ya chapa bila kuagizwa, akakaa akimsubiri aseme. Ndipo Bwana Derick akamtajia maneno ya kuandika. Barua hiyo nimeiweka humu ndani. Shemeji anatakiwa kurudi kazini tarehe mosi Septemba.

Maboksi yana jina lilelile. Bado linaniuma, sitakudanganya. Ila siku hizi nikilala silioni hilo jina, namwona shemeji akiokota koti.

Najua moshi wa tanuru umemharibu macho na barua ndefu hazimudu. Msomee wewe, kwa sauti, yote. Ukifika kwenye ile tupa usipunguze neno kwa kunionea huruma. Akisema hataki kuniona tena nyumbani kwake, niandikie hivyohivyo alivyosema.

Wape watoto salamu zangu, na Mungu awatunze wote hapo.

Mdogo wako,
Naftali