Mguu wa Rangi ya Ngozi

Mdogo wangu,

Salamu zimefika, na mguu wa bandia umefika. Asante. Sisi wazima, ila nina hasira, na leo utaisikia.

Kwenye boksi mmeandika "rangi ya ngozi". Ngozi ya nani? Nimeuvaa kibandani kwangu, wateja wakacheka mpaka wakasahau viatu vyao. Mmoja akaniuliza, "Fundi, huo mguu umeuazima kwa nani?" Miaka ishirini nashona viatu, unifundishe mimi rangi ya ngozi?

Unasema kiwandani kwenu hamtengenezi rangi nyingine, nami nisilalamike, maana huko ughaibuni weupe ndio uzuri. Mimi niliomba kutembea, sikuomba kupendeza!

Nimechukua rangi ya viatu, ile ya kahawia, nikaupaka mara tatu na kuupiga brashi. Sasa huu na mwenzake ni pacha. Mama ameupapasa, akacheka, "Haya, huu sasa wa kwetu."

Lakini kabla sijaupaka, niliiweka kando yake ile picha yako uliyoitia ndani ya boksi. Uso wako na ule mguu, rangi moja. Umejichubua, na usisingizie baridi.

Mama sikumwambia kitu. Nilimpa picha tu. Akavaa miwani, akaitazama, akaisogeza dirishani, akaitazama tena. Kisha akanirudishia.

"Kijana mzuri," akasema. "Ni rafiki wa mdogo wako?"

Ni mimi kaka yako,
fundi viatu