Mchezo Wangu wa Malaria

Mountain View, Nairobi
12 Aprili 1991

Dada Mgeni,

Shikamoo. Sisi wazima, na mama amepona kikohozi.

Unamkumbuka Bwana Mabruki, mwalimu mkuu aliyenifukuza mwaka jana kwa kufundisha sayansi kwa maigizo? Jana nilikuwa jaji kwenye tamasha la maigizo la shule mbalimbali. Wanafunzi wake wakaigiza mchezo wangu wa malaria, neno kwa neno, yeye akijiita mtunzi.

Nikamwita jukwaani. "Mwalimu, tuimbie ule wimbo wa mbu ulio katika mchezo wako."

"Nimeusahau, madam."

Msichana mmoja akadakia, "Mwalimu Saleha ndiye aliyetufundisha!"

Ukumbi mzima ukamcheka Bwana Mabruki. Nami nilicheka, dada.

Leo ameniletea ujumbe nirudi kazini. Nimemjibu aje aniombe mbele ya watoto wale wale.

Mdogo wako,
Saleha