Mke wa Timothy Ananipima

Lindi, Kibera
Jumatatu

Kwa dada yangu Nanyama,

Habari ya Kawangware, na habari ya ule mguu wako? Nimesikia uvimbe umeshuka. Kama haujashuka, ni kwa sababu unakaa juu ya lile debe kutwa nzima ukiuza hao dagaa wako wa omena, na nilishakukataza. Mimi huku ni mzima kabisa. Mikono yangu bado inashika randa kama ya kijana, na katika Lindi yote hakuna fundi anayeweza kuisimamisha meza kwenye sakafu mbovu isiyumbe kama mimi Shiundu. Ukisikia mengine, ni ya watu.

Utashangaa kwa nini nakuandikia, siku hizi kila mtu ana simu. Simu ninayo. Lakini wewe unaijua hii plot yetu ya vyumba vya kupanga, ukuta ni mabati, ukikohoa jirani anakwambia pole. Na huyo nitakayemtaja yuko upande wa pili wa bati. Mimi niliachia shule darasa la tatu, lakini herufi zangu zinasomeka kuliko za daktari. Kwa hivyo soma mwenyewe, usimpe mtu akusomee.

Ni Annet, mke wa Timothy. Sijasema ni mbaya. Anapika, anafua, hana mdomo mchafu. Lakini tangu Timothy amwandikishe kwenye kile chuo cha jioni huko kwenu, asome saikolojia, nyumba hii haiko vile ilikuwa. Nilimwuliza Timothy hiyo saikolojia ni kazi gani. Akasema ni elimu ya akili za watu na tabia zao. Nikamwuliza, watu gani? Akacheka, akasema, "Baba, watu wote." Hapo ndipo wasiwasi uliponiingia, maana katika hao watu wote, aliye karibu naye kuliko wengine ni mimi.

Unajua kwetu baba mkwe na mke wa mtoto hawakai chumba kimoja, wala hawashikani mikono. Mimi hiyo mila nimeishika hapa hapa Nairobi, ingawa wengine hapa wanaishi tu ovyo. Chakula changu Annet anakiweka kwenye stuli nje ya mlango, anagonga kifuniko cha sufuria kwa mwiko, anaondoka, ndipo natoka. Akiwa na neno, analisema akiwa kwake, na mimi najibu nikiwa kwangu. Tumeishi hivyo vizuri.

Basi siku moja nikamsikia akisoma. Huwa anasoma kwa Kiingereza, halafu anajielezea kwa Kiswahili ili kiingie kichwani. Akasema kulikuwa na Mrusi mmoja na mbwa wake. Kila akiwapa chakula, kwanza anapiga kengele. Mwishowe akawa anapiga kengele tu, chakula hakuna, na mbwa wanatokwa na mate. Kengele akaiita kichocheo, mate akayaita mwitikio. Dada, nilibaki na patasi mkononi. Nikajiuliza, katika plot hii yote, ni nani anayegongewa kabla ya kula?

Kesho yake nikafanya jaribio langu. Alipogonga, sikutoka. Nilikaa kwenye benchi nikakaza taya. Nakuapia sikuwa hata na njaa, lakini mate yalikuja yenyewe, yakajaa, mpaka nikatema kwenye maranda. Kumbe nimeshafundishwa, mzee mzima, na mwiko!

Halafu maswali. Asubuhi sauti inapita kwenye bati, "Baba, leo ni siku gani?" Kwani hana kalenda? Jioni, "Baba, mchana tulikula nini?" Kwani si yeye aliyepika? Nikijibu sawa, chakula kinachofuata kina yai. Nikimkaripia, ni sukuma wiki peke yake. Na nilimsikia mwenyewe akisoma kwamba tabia ikifuatwa na zawadi, mtu huirudia. Nikaacha kujibu kabisa. Lakini mayai nayo ni matamu, nikaanza tena. Siku moja nikamwambia mchana tulikula githeri. Akasema tu, "Sawa, Baba." Ile sawa sikuipenda. Mara Timothy anapita anasema ugali wa mchana bado umemkaa tumboni. Nikajua wamepangana.

Eti anasoma kumbukumbu, kuna ya muda mfupi na ya muda mrefu. Kama ni kumbukumbu, aje kwa mwenyewe. Kitanda cha kwanza nilichouza hapa Kibera nilimtengenezea baba yake Abdelrahim, yule mteja wangu wa Makina. Mbao zilikuwa za mvule, mguu mmoja ulikuwa na kifundo nikaugeuzia ukutani, na yule mzee akanipa chai ya tangawizi kwenye kikombe cha bluu. Nani mwingine anakumbuka mpaka kikombe? Nilipomsimulia Annet, badala ya kunisifu akauliza, "Na leo asubuhi, Baba, ulikunywa chai?" Unauona huo ujanja?

Sasa sikiliza kilichonifanya nitafute karatasi. Ana rafiki yake anaitwa Jackie, wa Mashimoni, wanasoma pamoja. Huyo anaongea kama redio. Nilimsikia akisema, "Manze Annet, ambia Timothy tu. Utabeba hii kitu solo mpaka lini?" Annet akamjibu kwamba Timothy hawezi kuambiwa, kwa sababu siku atakayojua, mzee atapelekwa Busia na karakana itafungwa. Niliacha kupiga msasa. Kuna jambo mke anamficha mume, na ndani yake kuna safari yangu ya Busia! Timothy alishasema siku nikishindwa na kazi atanirudisha nyumbani nipumzike. Nipumzike na nani? Wanaonijua kule wamelala makaburini. Hapa nikipita njiani watu wanasema, "Fundi, vipi kile kiti changu?" Huyu msichana anakusanya ushahidi kwamba nimepungukiwa, ili anitoe hapa.

Kwa hivyo njoo. Mimi siwezi kumkalisha chini mke wa mwanangu nikamhoji. Wewe ndiye senge, shangazi yake Timothy, wewe unaweza kuingia kwake ukamwuliza uso kwa uso. Ukimkuta na makosa, arudi kwao akafundishe mbwa. Barua hii sitampa Oketch wa mkokoteni, ingawa anapita huko kila siku, yule hajui kufunga mdomo. Nitaileta mwenyewe.

Ijumaa

Dada, ya juu sitayafuta. Niliyaandika nikiwa na akili yangu, yabaki.

Jumatano nilikuja Kawangware, barua hii ikiwa kwenye mfuko wa shati. Nilitembea kwa miguu na sikupotea hata kona moja, hilo ulijue. Pale sokoni nikakuta mama mmoja anauza omena. Akanipokea kwa kelele, akanishika mikono yote miwili, nikadhani ndivyo anavyovuta wateja. Nikamwuliza kwa heshima kama anamjua Nanyama anayeuza omena hapo sokoni. Akacheka mpaka akajishika kiuno, akasema, "Kaka, wewe hata ukizeeka huachi mzaha!" Akanifungia omena kwenye karatasi, akanikataza kulipa. Nikazunguka soko lote nikikuulizia, watu wakinitazama kama mlevi, nikarudi Lindi nimekasirika, nikisema Nanyama anajua nakuja na amejificha, hata yeye wameshampanga.

Jioni Annet akauliza kupitia bati nimetoa wapi omena. Nikamwambia kwa mama mmoja mkarimu, simjui. Nikamsikia akisogea karibu na bati. Kisha akasema, kwa sauti ya chini ili majirani wasisikie, kwamba ulimpigia simu mchana ukicheka jinsi nilivyokutania. "Baba, yule mama ni senge Nanyama."

Nilipiga bati kwa ngumi. Nilimwita mwongo, nikamwita na mengine ambayo sitayaandika. Nikaingiza mkono mfukoni nitoe barua nimwonyeshe kwamba bado ninayo, hata hatukukutana, na nilipoishika ndipo nikakaa chini kwenye maranda. Mtu niliyekuwa namletea alikuwa ameishika mikono yangu.

Nakujua, Nanyama. Nauona uso wako sasa hivi nikiandika, na lile pengo la jino ulilovunjia kwenye muwa. Lakini siku ile nilikutazama na sikukuona. Na si mara ya kwanza. Kuna asubuhi nilisimama katikati ya karakana yangu nikiwa nimeshika msumeno, na sikujua ni wa kufanyia nini. Nimemtengenezea Abdelrahim viti upya, na vyake nilikuwa nimeshampelekea. Nilikuwa nasema ni uchovu. Annet aliwahi kusoma kwamba akili ya mtu inaweza kukataa jambo lililo mbele ya macho, si kwa uongo, ila kwa kujikinga lisimwumize. Nilidhani anamsema Timothy.

Hiyo ndiyo siri aliyokuwa anamficha mumewe. Alikuwa ananifichia mimi. Aliona kabla yangu, akawa ananipima kila siku kwa yale aliyosoma, ajue ni kiasi gani, na amebeba peke yake wakati mimi nakuandikia wewe umfukuze.

Sasa anataka nionwe na daktari. Lakini hawezi kutembea nami akinishika mkono, na nikienda peke yangu sijui nitajikuta wapi. Kwa hivyo bado nakuita. Njoo Jumapili usimame katikati, mkono mmoja umshike yeye, mwingine unishike mimi, twende hivyo. Timothy nitamwambia mwenyewe, wewe ukiwa umekaa hapo, na karakana haifungwi, hilo asilijaribu. Na umwambie Annet kile ambacho mimi kupitia bati kinanikwama, kwamba hapa ni kwake, na aniulize maswali yote anayotaka hata bila mayai. Barua atakuletea Oketch. Akiifungua njiani, shauri yake.

Nisalimie watoto wako wote na majirani zako wa pale sokoni, uwaambie kaka yako si mlevi kama walivyodhani.

Jambo la mwisho. Ukifika hapa nikakuuliza, "Una shida gani, mama?" usicheke. Wala usilie mbele ya mkwe wetu. Sema tu, "Mimi ni Nanyama, tumezaliwa tumbo moja," kisha vuta kiti ukae. Kama sitakujua, nitakuamini.

Ni mimi kaka yako,
Shiundu, fundi wa Lindi