Neema Alivyofuta Jina Langu

Jumanne

Hata sasa siamini. Yaani kitufe kimoja tu!

Mjukuu wangu Neema anaandikia chuo habari za kuanika samaki, zote nilizomweleza mimi. Programu yake ya kompyuta ni ya maandishi matupu, hayana rangi wala urembo, ila vitufe kavipanga mwenyewe vimtii. Nilikuwa nimekaa pembeni yake nikitafuta jina langu, Nyanjura. Hilo nalitambua hata bila miwani. Lilikuwa limejaa kila mahali.

Akabonyeza. Likapotea lote! Pakabaki "Mama A".

"We mtoto, umenizika nikiwa hai?"

"Bibi, chuo hawataki jina la kweli. Ni kukulinda."

"Kunilinda na nani? Na samaki?"

Akacheka. Mimi sikucheka. Akasema basi, chagua jina lingine lolote. Nikamwambia aweke Nyangeta, la marehemu mama yangu, aliyenifundisha kazi hiyo.

Akabonyeza tena. Mama akatokea kila ukurasa, hapohapo! Mama ambaye jina lake halikuwahi kuandikwa popote, hata kaburini.

Neema akauliza kama bado nimekasirika. Nikamwambia aende akasonge ugali, kompyuta aiache wazi, aniache na mama yangu.