Nasimiyu Alipoomba Tusome Kuanzia Juu

Ndugu yangu Wafula,

Leo ni Alhamisi, siku ya darasa letu la Biblia, nami niko hapa Kiminini badala ya kuja kwako Naitiri. Darasa halijaanza tena tangu ulipotuacha. Juzi nilikwama kwenye mstari fulani wa Mambo ya Walawi, nikashika simu nikuulize. Nikaiweka chini.

Nataka kukueleza yaliyotokea siku ya tatu baada ya kukuzika, tulipokaa kwenye lufu, kikao cha ukoo baada ya mazishi, kunyoa nywele na kupanga mambo ya boma lako. Mdogo wako Barasa alisimama na Biblia mkononi, akasoma kipande cha mstari. Akasema Sheria ya Musa inamtaka ndugu amchukue mke wa marehemu, kwa hiyo Nasimiyu sasa ni wake. "Si mimi, ni Neno," alisema. Wazee wakaitikia. Kisha wakanigeukia mimi, mwalimu mstaafu, nithibitishe.

Nilijua jibu, Wafula. Miaka yote tumefundisha pamoja: uliza kwanza nani anasema, anamwambia nani, katika hali gani, tena usishike nusu ya sentensi ukaiacha nusu. Lakini mimi si wa ukoo wenu. Niliwatazama wazee wale, nikanyamaza. Nisamehe.

Aliyezungumza ni mkeo. Alikuwa ameketi chini, kichwa kimenyolewa. Hakuinua sauti. "Shemeji, umeanzia katikati. Rudi hapo juu, usome polepole, na sisi tusikie."

Barasa akasoma. Akafika pale panaposema kwamba aliyekufa hakuacha mtoto, akasita. Watoto wako watatu walikuwa wamekaa mbele yake.

"Endelea tu, shemeji. Huko chini hata ndugu mwenyewe anaweza kukataa."

Mzee mmoja akacheka. "Ati huyu mama ametushinda kusoma, bana."

Hapo ndipo nikapata ulimi. Nilieleza kwamba sheria ile ilitunza jina la mtu asiye na mtoto na kumpa mjane tegemeo, katika nchi yao na siku zao. Haikutolewa ili mjane afungwe kwa nguvu. Walishauriana kitambo, wakasema Nasimiyu abaki na nyumba yake na shamba lake, asisumbuliwe.

Usimkasirikie Barasa. Baadaye nilimkuta nyuma ya ghala la mahindi, analia. "Mwalimu, niliona nikikaa na watoto wa kaka, kaka hataisha kabisa." Katika masomo yetu yote hatukuwahi kumuuliza msomaji mwenyewe anatafuta nini ndani ya mstari.

Barasa ameomba kuingia darasani. Tunaanza Alhamisi ijayo, na atakayefundisha ni Nasimiyu. Mimi nitakaa kwenye benchi na wengine. Lakini watu wa ukoo watakutana tena, na huenda mwingine akaja na mstari wake. Siku hiyo mkeo hatalazimika kuwa wa kwanza kusema; nitasimama mimi. Nakuahidi.

Pumzika, ndugu yangu.