Macho ya Meneja

Nyumbani, chumba cha mbele
Jumapili, baada ya chakula cha mchana

Mpendwa mdogo wangu, Kiroboto wetu,

Hujambo, baba? Hali yako ikoje huko? Unakula, au bado unashindia chai na kujidai umeshiba? Kile kikohozi nilichokisikia tulipozungumza mara ya mwisho kimekuachia? Usinijibu "kidogo kidogo". Nataka jibu la mtu mzima mwenye ndevu.

Sisi huku tu wazima. Mama magoti yanamsumbua asubuhi, lakini mdomo hauna hitilafu yoyote, anatusema sote kwa zamu. Mimi bado nasuka, chumba cha mbele kimejaa nywele bandia na umbea, na mgongo unaniuma kama kawaida yake. Nimekukumbuka sana wiki hii. Leo nimefunga mlango, wateja waende popote, nikuandikie.

Najua utauliza kwa nini barua wakati simu ipo. Kwanza, simu yako hukatika kila nikifika patamu. Pili, jambo lenyewe Baba alikataza usiambiwe mpaka lifike mahali pa kusimulika. Sasa limefika, na sitaki kulisimulia nusunusu. Ni habari ya macho ya Meneja, mbwa wako, ambayo nusura yapotee. Usishtuke, soma taratibu.

Unakumbuka ulivyomwacha: kijibwa chenye masikio makubwa kuliko kichwa, ukamkabidhi Baba "kwa muda mfupi tu". Muda mfupi huo mwenyewe unaujua. Tangu uondoke, yeye ndiye kitinda mimba wa nyumba hii. Kutwa yuko chini ya meza ya Baba pale nje. Baba anashona viatu, yeye anakagua miguu ya kila mteja anayekuja, na jina la Meneja limemkaa barabara.

Baba si mtu wa maneno na sisi, unamjua. Lakini na Meneja anapiga soga tangu asubuhi hadi anapofunga kazi. Nikiwa ndani nasuka, namsikia akimweleza habari za ngozi mbovu siku hizi, za watu wanaoacha viatu na kupotelea mbali, na habari zako. Nakwambia ukweli, mambo yako mengi mimi nayapata kwa kumsikiliza Baba akimsimulia mbwa. Kwa hiyo macho ya Meneja yalipoanza kuharibika, si mbwa tu niliyemwogopea. Niliona akipofuka huyu, Baba naye atakunjamana, na sitakuwa na la kumfanya.

Ilianza kama mchezo. Kwenye pembe ya nje ya jicho la kulia pakatokea kitu chekundu hafifu, utando mwembamba wa nyama, ukawa unasogea kuelekea katikati. Tukasema ni vumbi. Mama akamsafisha kwa maji ya uvuguvugu yenye chumvi, dawa yake ya kila kitu tangu tukiwa watoto. Haukupita muda, jicho la pili nalo. Kisha ule wekundu ukaanza kugeuka mweusi, kama masizi. Siku Meneja alipojigonga kwenye ndoo halafu akanibwekea mimi, mimi ninayempa chakula, niliweka kitana chini, nikamwacha mteja na nusu kichwa, nikamfunga kamba tukaenda kwa daktari wa mifugo.

Daktari ni mama mmoja mwembamba, hana mzaha, anavaa buti za mpira hata siku ya jua kali. Alimgusisha Meneja kijikaratasi chenye dawa ya rangi ya machungwa jichoni, akazima taa, akammulika kwa tochi ya buluu. Alikuwa anatafuta kidonda, maana kama kingekuwepo, dawa anayotaka kumpa ingemharibu zaidi. Hakikuwepo. Akawasha taa, akaniambia si vumbi wala uchafu. Ni kinga ya mwili wake yenyewe inayolishambulia jicho, ikidhani jicho ni adui, na jicho linabaki limevimba na kuwaka siku zote. Mbwa wa aina yake, hawa wa ulinzi wenye masikio ya kusimama, hupatwa sana. Na jua linachochea.

"Sasa atapona lini?" nikamuuliza.

"Hatapona. Atatulia. Ukiacha dawa, inarudi."

Unanijua mdomo wangu. Nikamwambia, "Daktari, ugonjwa usiopona tunautibu wa nini?"

"Ili aone," akasema, na akaendelea kuandika.

Niliipokea karatasi yake bila kubishana, jambo ambalo Mama mpaka leo haamini.

Basi tukapewa matone, na marhamu ya kupaka baada ya matone kukauka kidogo. Mwanzoni mara nyingi kwa siku, baadaye yapungue, lakini yasikatike maisha yake yote. Na asikae juani. Mimi nilijua kazi hiyo ni yangu, kushika vichwa vya viumbe wasiotulia si ndiyo riziki yangu? Baba akanifukuza. "Mbwa wa mwanangu, dawa naitia mimi." Alisema hivyo na akaiweka chupa kwenye mfuko wa shati lake, mjadala ukafungwa.

Na kweli alijituma, sitamnyima haki yake. Meza ya kazi aliihamishia ndani kabisa ya baraza, jua lisifike. Kisha akachukua buti kuukuu ambalo mteja alishalitelekeza, akalikata, akamshonea Meneja kofia ya ngozi yenye ukingo mpana mbele, inafungwa chini ya taya kwa kamba ya kiatu. Alimpima kichwa kwa vidole tu, na ikamkaa kama ya dukani. Siku ya kwanza kuivaa, mteja mmoja aliuliza kama mbwa amepandishwa cheo. Mama alicheka mpaka akatafuta mahali pa kukaa. Meneja mwenyewe alitembea kichwa juu, hana habari na mtu.

Kila asubuhi nikawa nawasikia. Baba anaita, Meneja anakuja, anaweka kidevu kwenye goti lake, halafu Baba anasema, "Tayari, mzee." Ungewaona ungefurahi.

Lakini macho yakazidi kuharibika, mdogo wangu. Ule weusi ukatambaa mpaka karibu na mboni. Nikaanza kushuku dawa. Nikaenda duka la dawa nikamfokea yule kijana mbele ya watu kwamba ametuuzia maji. Maskini, alisimama anapepesa macho tu. Hakuwa na kosa hata chembe, na nimeshamwomba radhi, na mke wake sasa namsuka bure.

Tulirudi kwa daktari, safari hii Baba naye akaja. Daktari alimwangalia Meneja, uso ukamkunjamana. Akasema imebaki sindano ya kuchoma palepale jichoni, na hiyo ikishindwa, tujiandae kuishi na mbwa kipofu.  Baba alikuwa ameikaza kamba ya mbwa mkononi, na nilimwonea huruma nikashindwa kumtazama.

Ndipo daktari akapitisha kidole kwenye shavu la Meneja. Manyoya ya hapo yalikuwa magumu, yamegandamana. Akayanusa. Akamgeukia Baba, sauti ya chini kabisa. "Mzee, hebu nioneshe unavyomtilia."

Baba akatoa chupa mfukoni. Meneja, bila kuitwa, akaweka kidevu gotini. Baba akainua mkono, akaminya. Tone likaangukia shavuni, likateremka hadi mdomoni. La pili likatua juu ya nyusi. Meneja hakutikisika, alilamba lililomfikia tu, kwa adabu. "Tayari, mzee," Baba akasema.

"Baba," nikamwambia, "umekosa."

"Nimekosaje? Nimeisikia ikidondoka."

Hapo ndipo nilipoelewa. Baba alikuwa haoni. Alikuwa anashona kwa vidole. Wateja anawajua kwa sauti, viatu anavijua kwa kuvipapasa. Gazeti alikuwa anasomewa na Mama, eti miwani haijulikani ilipo, na mimi nilikuwa namtania kuwa ni uvivu wa uzee.

Daktari hakumcheka wala hakumhurumia, na kwa hilo nitampenda maisha. Aliichukua chupa, akairudisha kwenye kiganja cha Baba, akamkunja vidole juu yake. "Mzee, mbwa huyu atatiwa dawa hii mpaka mwisho wa maisha yake. Na dawa hii inahitaji mtu anayeona. Nimwandike nani, wewe au binti yako?"

"Mimi," akasema Baba.

"Basi nenda kwa daktari wa watu."

Njiani nilimuuliza kwa nini alituficha. Alitembea kidogo, akasema, "Ungemwambia yule mtoto. Angeacha kazi yake aje kunishika mkono kwenda chooni." Nililia pale barabarani, sikujali nani ananiona. Kamba ya Meneja mkono huu, kiwiko cha Baba mkono huu, nalia na huku nawaonya wote wawili kuhusu mtaro.

Siku zilizofuata dawa nilitia mimi. Namkalia Meneja kwa nyuma asiione chupa, nainua kidevu, naegemeza mkono kwenye paji lake hata akitikisika tutikisike pamoja, nadondosha. Baba anasimama juu yangu ananisimamia. "Umetia? Limeingia? Una hakika?" Mama kule ndani anasema sasa tuna mameneja wawili. Na dawa ilipoanza kufika inapotakiwa, ule utando ukaanza kurudi nyuma, pole pole. Sindano haikuhitajika. Jicho la kushoto limebaki na doa jeusi pembeni, na daktari anasema hilo halitaondoka, lakini anaona. Ndoo anaikwepa, na mimi hanibwekei tena.

Baba alikutwa na mtoto wa jicho kwenye macho yote mawili. Wameanza kupasua la kulia. Mama anasema alipolazwa kitandani alimwambia daktari afanye kazi yake vizuri na asimcheleweshe, kwa sababu ana mgonjwa nyumbani.

Juzi alifunguliwa bandeji. Alipofika nyumbani hakutaka chai wala pole za watu. Aliketi kwenye kigoda chake barazani, akanitazama mimi kwanza, akaniuliza nani aliniruhusu kuzeeka. Nikamwambia maswali hayo awaulize wateja wangu. Tukacheka. Kisha akamwita Meneja, akamfungua kofia, akakishika kile kichwa kwa mikono miwili, akakiangalia kwa muda mrefu sana.

"Mbona ana mvi?" akauliza.

Ni kweli, Meneja pua yote na kidevu ni vyeupe. Sisi tumezoea kumwona hivyo. Nikamwambia ni umri, Baba, mbwa naye anazeeka. Alipitisha kidole gumba kwenye zile nywele nyeupe, anarudia na kurudia. Halafu, bila kuinua uso, akauliza, "Kwani yule mtoto aliondoka lini?"

Mama aliingia jikoni, na jikoni hakukuwa na kitu motoni. Mimi nilijifanya natafuta marhamu.  Baba akainua kidevu cha Meneja, akadondosha, na tone likaingia katikati ya jicho.

Sikuandikii kukulaumu, mdogo wangu. Najua kazi yako ilivyo, najua ruhusa haipatikani kwa kuomba mara moja. Nakupenda na naona fahari juu yako, na watu wote waliowahi kukaa kwenye kiti changu wameshasikia habari zako mpaka wamechoka. Nimekuandikia kwa sababu hata mimi sikuwa na jibu la kumpa.

Mama anakusalimia, anasema ule chakula cha moto. Shangazi anakusalimia na anauliza kama umeoa, mimi nimekataa kulijibu hilo kwa niaba yako. Binamu yetu Mrefu anakusalimia, amepata kazi ya udereva na sasa hashikiki. Meneja yuko miguuni pangu na kofia yake. Mungu akulinde uingiapo na utokapo, akupe afya na watu wema wa kukutazama tusipokuwepo sisi.

Baba ameniona nikiandika, kutoka kule barazani, akauliza kama ni barua yako. Nikamwambia atoe salamu zake niziandike. Amekataa. Anasema za kusikia zimetosha. Hizi nyingine uje umwamkie mwenyewe, akuone.

Wako akupendaye,
Dada yako