Kikohozi cha Maboma Ambayo Mama Hakuingia

Wifi yangu Nyamoita,

Mama si mchawi! Daktari amesema ni ugonjwa wa kusahau, na aliyetufikisha huko ni binti yangu Bitutu, yule anayesoma saikolojia chuo kikuu. Haya, sasa nikusalimie. Hamjambo huko Suneka? Watoto wazima? Sisi hapa Ekerenyo tunamshukuru Mungu, chai inachumika na ndizi zimezaa.

Unajua mambo yalivyokuwa. Mama yenu akizurura jioni, akamshika mtoto wa watu kichwa, mtoto akikohoa basi ni yeye. Vijana walishaanza kusema nyumba yake ichomwe, naye akiwa ndani. Bitutu alipofunga chuo hakubishana na mtu. Msimu mzima wa mvua alipita kila boma aliloingia nyanya yake, akaulizia watoto. Kisha akapita na yale ambayo hakuingia. Jirani yetu Onyiego akamcheka, eti tangu lini mambo ya akili yakapimwa kama majani ya chai? Mtoto wangu akamjibu kwa adabu kwamba hata kituo cha chai karani haamini macho yake, anaweka mzigo kwenye mizani.

Wifi, watoto walikohoa kote kote! Tena kwa Onyiego ndiko walikokohoa zaidi, na Mama hajakanyaga huko tangu wakosane. Kumbe watu walikuwa wakikumbuka tu siku zilizokubaliana na hofu yao. Nimeelewa hata mimi wa darasa la saba, si nimejizalia mwalimu? Onyiego mwenyewe ndiye aliyempeleka Mama hospitali kwa pikipiki yake. Mungu ambariki.

Nilimuuliza Bitutu mbona hakuniuliza mimi ninayempikia Mama kila siku. Akasema mimi nampenda, majirani wanamwogopa, na hakuna kati yetu anayefaa kuwa mizani. Halafu akalia, akaniambia nisilolijua: yeye mwenyewe alikuwa akimwogopa nyanya yake tangu utotoni. Ndiyo maana hakujiamini, akaenda kuangalia kwanza. Sasa anamlisha kwa mkono wake.

Sikulaumu kwa kukaa mbali, hofu ni hofu. Siku nyingine Mama huniita Nyamoita, nami huitika.

Wasalimie wote. Ni mimi mke wa kaka yako, Celestine, mama yake Bitutu, na hilo la pili ulitangaze huko. Mje nyote, pamoja na yule mchanga ambaye Mama hajamwona. Tunawangoja Jumapili ya kwanza ya Desemba.